Namna ya Kuizuru Junagadh: Mwongozo kwa Msafiri Atokaye Lamu

Watu wa Lamu tunaijua India kwa mambo mawili zaidi ya mengine yote, nayo ni matibabu na biashara. Anayekwenda kutibiwa hufikia Mumbai au Chennai, mfanyabiashara wa vitambaa huishia Surat, na wote wawili hurejea nyumbani bila kuikanyaga rasi ya Saurashtra katika jimbo la Gujarat, ingawa majahazi ya pwani ile yalikuwa yakitujia kila mwaka kaskazi ilipovuma. Katika rasi hiyo imo wilaya ya Junagadh, yenye bandari kongwe ya Mangrol upande wa bahari na mlima Girnar upande wa bara, na jina la mji wake mkuu lina maana ya ngome kongwe. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu wa Amu, Pate, Faza au Malindi ambaye, ama kwa safari maalumu ama kwa siku tatu nne alizozipata baada ya shughuli nyingine, angependa kuyaona mabaki ya Wabuddha na ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine kongwe ya India, yaliyoko huko na kuyaelewa anapoyaona.

Ushauri ninaoutilia mkazo kuliko wote nautanguliza: anza chini, kwenye mwamba wenye maandishi, kabla hujaupanda mlima. Safari yangu ya kwanza nilifanya kinyume. Nilikimbilia juu asubuhi ya siku ya kwanza, nikashuka alasiri magoti yakinitetemeka, na nilipoufikia mwamba macho yalikuwa yamechoka kiasi kwamba sikuona ila mikwaruzo juu ya jiwe. Ilinibidi nirudi siku ya pili, na hapo ndipo nilipotambua kwamba yale niliyoyaona mlimani yangenieleweka zaidi lau ningeanzia pale.

Panga kuwa huko kati ya Novemba na Februari. Mvua za msimu hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba, na ngazi za mlimani huteleza, ilhali Aprili na Mei joto la bara la Saurashtra ni kali kuliko lolote tulizoealo sisi tunaopozwa na upepo wa bahari. Hata ndani ya miezi hiyo mizuri kuna nyakati mbili za kuepuka, isipokuwa umekusudia umati wenyewe: siku chache za mwezi wa Kartik, majuma mawili hivi baada ya Diwali, ambapo mahujaji wengi mno huuzunguka mlima kwa miguu mwendo wa kilomita 36, na siku za Mahashivratri, mwezi wa Februari au Machi, ambapo bonde la Bhavnath chini ya mlima hujaa watawa wa Kihindu kutoka pande zote za India. Kwa aliye Mwislamu, uangaliwe pia mwandamo wa Ramadhani, kwa sababu kuupanda Girnar huku umefunga ni kujitesa bila haja.

Viza ya utalii huombwa kwa mtandao. Jambo ambalo watu wengi husahau ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. India humtaka kila atokaye Kenya awe nacho, na chanjo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10 tangu kuchomwa, kwa hiyo anayechanjwa juma la safari anaweza kuwekwa karantini akifika. Kutoka Lamu utaruka hadi Nairobi, kisha Mumbai, na kutoka Mumbai unaweza kuchukua ndege ya ndani hadi Rajkot, ambako ni kiasi cha kilomita 100 tu kwa barabara hadi Junagadh. Asiye na haraka apande treni. Reli itokayo Ahmedabad kwenda Veraval hupita Junagadh, na alfajiri dirishani utaona mashamba ya pamba na njugu yakifunguka kidogo kidogo hadi mlima wenyewe ujitokeze peke yake katikati ya tambarare.

Kabla ya kuondoka, lizoeze jicho lako hapa hapa nyumbani. Nenda Takwa, kisiwani Manda, ukae mbele ya kaburi la mnara na kuyatazama maandishi yake ya Kiarabu. Usiwe na haja ya kuyasoma yote, ila uone jinsi jua la asubuhi linavyoingia ubavuni mwa herufi na kuzifanya zionekane, na jinsi jua la utosini linavyozifuta. Ujuzi huo mdogo utakufaa sana Junagadh, kwa kuwa mengi utakayoyaona huko ni jiwe lililochorwa au kuchimbwa, na jiwe husomeka kwa pembe ya mwanga.

Mwamba wenyewe uko kando ya barabara itokayo mjini kwenda Girnar, ndani ya jengo dogo lililojengwa kuukinga. Ni jiwe moja kubwa la mviringo, jeusi-jeusi, na juu yake wameandika wafalme watatu wa nyakati tatu tofauti. Wa kwanza ni Ashoka wa ukoo wa Maurya, aliyetawala takriban kuanzia mwaka 268 hadi 232 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na ambaye matangazo yake 14 yamechongwa hapo kwa lugha ya Kiprakriti na kwa hati iitwayo Brahmi. Wa pili ni Rudradaman, aliyeandika mnamo mwaka 150 baada ya Isa, na wa tatu ni Skandagupta, ambaye watu wake waliandika katikati ya karne ya 5. Kati ya wa kwanza na wa mwisho ipo miaka kama 700, yaani ni sawa na muda uliopita tangu Ibn Battuta alipoipitia pwani yetu mwaka 1331 hadi leo.

Usipite mbio. Tafuta kwanza herufi moja tu. Katika Brahmi, sauti ya "ka" huandikwa kwa alama ya msalaba mdogo wenye mikono iliyo sawa, kama ile ya kujumlisha katika hesabu, na sauti ya "ga" huandikwa kwa mistari miwili inayokutana juu kama paa la kibanda. Sogea karibu kadiri unavyoruhusiwa, chagua mstari mmoja, na uufuate kutoka kushoto kwenda kulia hadi uzione alama hizo zikijirudia. Mara utakapozitambua mara tatu nne, mwamba hautakuwa tena na mikwaruzo, utakuwa na maneno. Hati hii ilikuwa imesahaulika kabisa kwa karne nyingi, hata wenyeji waliopita hapo kila siku hawakuweza kuisoma, mpaka miaka ya 1830 James Prinsep, mtumishi wa kiwanda cha sarafu huko Kolkata, alipofaulu kuifumbua kwa kulinganisha maandishi ya mahali mbalimbali, yakiwemo haya ya Girnar.

Maneno ya kwanza ya mwamba ni "Iyam dhammalipi", yaani maandishi haya ya dhamma, ndio mwenendo mwema, na hufuatia kwamba yameandikishwa na mfalme Priyadasi, mpendwa wa miungu, ambalo ndilo jina Ashoka alilojiita. Kisha mfalme anaingia moja kwa moja jikoni mwake. Anaeleza kwamba zamani malaki ya wanyama walikuwa wakichinjwa kila siku kwa ajili ya mchuzi wa jiko la kifalme, na kwamba wakati wa kuandikwa tangazo wamebaki wanyama watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, na huyo paa si kila siku, na hata hao watatu hawatachinjwa tena baadaye. Kwangu mimi hii ndiyo sentensi ya kukaa nayo. Mfalme aliyetawala sehemu kubwa ya Bara Hindi anakiri mbele ya wapita njia hesabu ya sufuria zake, na hajifanyi kuwa amekwisha kutakasika, bali anataja kilichobaki.

Tangazo la pili linazungumzia matibabu. Anasema ameandaa tiba ya aina mbili, ya watu na ya wanyama, na kwamba mitishamba imepandwa mahali isipokuwapo, visima vimechimbwa na miti imeoteshwa kandokando ya njia. Mtu wa Amu, ambaye kila siku hupita mbele ya hospitali ya punda iliyo pale pwani na kuona mnyama aliyechubuka mgongo akisafishwa kidonda bila mwenyewe kulipishwa, hahitaji kufafanuliwa maana ya maneno hayo. Tangazo la 12 nalo linahusu dini. Linasema kwamba mtu anayeisifu dini yake kwa kuzitukana za wengine huidhuru dini yake mwenyewe, na kwamba watu wasikilize mafundisho ya wenzao. Tangazo la 13, ambalo hapa Girnar limeharibika sehemu, ndilo lenye sababu ya yote: vita vya Kalinga, nchi ya mashariki ya India, ambavyo mfalme mwenyewe anakiri kwamba watu 100,000 waliuawa na 150,000 wakahamishwa, na kwamba majuto yalimshika baada ya hapo.

Maandishi ya Rudradaman ni ya Kisanskriti, na wataalamu huyahesabu kuwa miongoni mwa maandishi marefu ya kwanza kabisa ya Kisanskriti fasaha kuchongwa juu ya jiwe. Yanasimulia habari ya ziwa lililoitwa Sudarshana, jina lenye maana ya linalopendeza kutazamwa, ambalo lilijengwa kwa kuziba maji ya mlimani wakati wa Chandragupta, babu yake Ashoka, na kuongezewa mifereji wakati wa Ashoka mwenyewe. Tufani kubwa ilivunja boma lake, na Rudradaman anajivunia kwamba alilijenga upya kwa fedha za hazina yake bila kuwatoza watu kodi wala kuwafanyiza kazi kwa nguvu. Miaka 300 baadaye boma likavunjika tena, na maandishi ya Skandagupta yanaeleza jinsi lilivyozibwa. Leo ziwa halipo. Sisi tunaokunywa maji yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na tunaojua ugomvi unaozuka kila mtu anapotaka kujenga juu ya vilima hivyo, tuna kila sababu ya kuyatilia maanani maandishi haya mawili ambayo wageni wengi huyapita kwa sababu hayana jina la Ashoka.

Ukimaliza mwamba, rudi mjini ukatazame mapango. Ngome ya Uparkot imejengwa juu ya jiwe laini, na ndani yake Wabuddha walichonga makao ya ghorofa, chini kwa chini, karne ya 2 au ya 3 baada ya Isa. Shuka ngazi polepole, simama chini dakika tano bila kuwasha tochi, na uliache jicho lizoee giza. Vitajitokeza birika la maji lililochongwa humo humo, mabenchi yanayofuata ukuta kama madaka yetu, na nguzo zenye vichwa vilivyonakshiwa watu na wanyama, ambavyo vimelika lakini havijafutika. Watawa walikaa hapa hasa wakati wa mvua, ambapo mafundisho yao yaliwataka wasitembee ovyo wasije wakakanyaga mimea na wadudu waliochipuka. Mapango ya Khapra Kodiya ni vyumba visivyo na nakshi, na hayahitaji zaidi ya nusu saa. Ya Bava Pyara yana jambo la ziada: maandishi yaliyopatikana hapo yana neno la Kijaini litumikalo kwa elimu iliyokamilika, na kwa hiyo wataalamu wengi huyaona kuwa yalikaliwa na watawa wa Kijaini. Kwa hivyo katika mji mmoja, kwa mwendo mfupi wa bajaji, unaweza kuona jinsi dini mbili zilizofundisha kutodhuru kiumbe zilivyochimba makao yanayofanana katika jiwe moja.

Uparkot ina mengine ambayo si ya Wabuddha wala Wajaini, na nitayataja mawili tu. Visima viwili vya ngazi, Adi Kadi na Navghan, vimechimbwa ndani ya mwamba wenyewe na vinastahili kushukiwa hadi pale unaporuhusiwa. Jingine ni mzinga mkubwa uitwao Nilam, wenye maandishi ya Kiarabu yanayosema uliyeyushwa Misri mwaka 937 wa Hijria, yaani 1531, kwa amri ya Sultani Suleiman. Waturuki waliuleta kupigana na Wareno huko Diu mwaka 1538. Mtu ambaye mji wake ulikatiwa mtawala wake kichwa na Wareno hao hao mwaka 1589, kwa kosa la kumpokea Ali Bey Mturuki, atasimama hapo muda mrefu kuliko mgeni mwingine.

Siku ya pili ni ya mlima. Amka kabla ya alfajiri, uswali, na uwe Bhavnath kungali giza. Ngazi za Girnar hadi kilele cha mwisho hukaribia vidato 10,000, lakini mahekalu ya Kijaini yapo kwenye ukingo wa mlima baada ya vidato vipatavyo 4,000, na mtu mwenye afya ya kawaida hufika kwa saa mbili au tatu akipumzika njiani. Tangu Oktoba 2020 yapo pia magari ya waya, vibanda vinavyoning'inia na kupandishwa kwa mtambo mwendo wa kilomita 2.3 hadi kwenye hekalu la Kihindu la Ambaji, ambalo liko juu zaidi ya mahekalu ya Kijaini, kwa hiyo anayeyatumia hulazimika kuteremka kwa miguu kuyafikia. Kwa wazee, kwa wajawazito na kwa mwenye maradhi ya moyo hilo ni afadhali, na wapo pia wachukuzi wa machela, ambao bei yao inafaa kukubaliwa chini kabla ya safari kuanza. Mwingine yeyote ningemshauri apande kwa miguu, kwa sababu bibi wa miaka 70 aliyevaa sari nyeupe, anayeegemea fimbo na kulitaja jina la Neminath, mwalimu mkuu wa Kijaini, kwa kila kidato, ni sehemu ya urithi huo kama yalivyo mawe.

Kuna adabu za kushika. Usivae wala kubeba ngozi, iwe mshipi, pochi au ala ya miwani, kwani Wajaini hawairuhusu hekaluni. Mimi niliuacha mshipi wangu hotelini, nikajifunga kikoi chini ya kanzu fupi, na hakuna aliyeniuliza neno. Viatu huvuliwa, jambo ambalo kwetu si geni. Usibebe chakula cha nyama wala mayai, na kama utanunua chakula kwenye nyumba zao za wageni usishangae kukosa kitunguu, kitunguu saumu na viazi, kwa sababu hawali mizizi, ili wasiung'oe mmea mzima na kuua vijidudu vya ardhini. Sanamu za ndani usizipige picha. Wanawake walio hedhini huombwa wasiingie, na ni vizuri wanaosafiri na dada zao au mama zao wawaeleze mapema ili pasitokee aibu mlangoni.

Hekalu kubwa zaidi ni la Neminath, wa 22 katika waalimu 24 ambao Wajaini huwaita Matirthankara, jina lenye maana ya watengeneza kivuko, yaani waliowaonyesha wengine mahali pa kuvukia. Hekalu lilijengwa upya mnamo mwaka 1128 wakati wa utawala wa mfalme Siddharaja, na limezungukwa na ua wenye safu ya vyumba vidogo, kila kimoja na sanamu yake. Ndani kabisa ameketi Neminath wa jiwe jeusi, miguu imekunjwa, macho ya kung'aa, bila silaha wala mapambo ya vita. Simama kando, usimzibie njia anayeabudu, na utazame mikono yake iliyolazwa mapajani.

Hadithi yake ndiyo inayoufunga mlima na mwamba. Neminath alikuwa mwana wa mfalme aliyekuwa akienda kumwoa Rajimati, na harusi ilikuwa tayari. Alipokaribia nyumba ya bi harusi alisikia vilio, akauliza ni vya nani, akajibiwa kwamba ni vya wanyama waliofungwa zizini wakisubiri kuchinjwa kwa ajili ya karamu yake. Aligeuza gari papo hapo, akaziacha mali zake, akapanda Girnar na kuwa mtawa, na Rajimati naye akamfuata katika utawa. Wajaini huamini kwamba juu ya mlima huu ndipo alipoufikia ukombozi wake. Mtu aliyekulia Amu, ambaye ameona ng'ombe wakifungwa uani usiku wa kuamkia pilau ya harusi, anakisikia kile kilio bila ya kuchorewa, hata kama dini yake imemhalalishia nyama na inamtaka amchinje mnyama kwa huruma na kisu kikali.

Hatua chache kutoka hapo lipo hekalu la Vastupala, la mwaka 1231, lililojengwa na waziri aliyetoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa Kijaini na ambaye yeye na nduguye Tejapala walitumia mali zao nyingi kujenga mahali patakatifu. Ni mahekalu matatu yaliyoungana. La katikati ni la Mallinatha, mwingine katika wale waalimu 24, na mawili ya pembeni yana vielelezo vya milima mitakatifu vilivyopangwa ngazi kwa ngazi. Tazama dari zake kabla ya sakafu, kwani ndiko fundi alikomaliza ufundi wake.

Vilele vya juu ni vya ibada za Kihindu, na kimoja, cha Gorakhnath, ndicho kirefu kuliko vyote katika Gujarat, mita 1,117. Kama nguvu zimekwisha, viache. Kuna pia, kwenye kilima jirani cha Datar, ziara ya Jamiyal Shah, ambayo Waislamu na Wahindu huizuru pamoja, na anayependa dua ataipata hapo bila kuulizwa ametoka wapi.

Siku ya tatu, kabla ya treni, rudi kwenye mwamba asubuhi na mapema. Tafuta tena ule msalaba mdogo wa "ka", kisha umwombe mlinzi akuonyeshe mahali tangazo la kwanza lilipo, penye tausi wawili na paa mmoja. Kaa hapo kwa muda ambao jua litachukua kuhama kutoka mstari mmoja hadi mwingine, uiandike tarehe kwenye daftari lako, na umwachie mlinzi kitu kidogo cha chai.